Picha ya Kwenu Ipo, Ila Imeandikwa Jina Usilolijua

Mara ya kwanza naingia kwenye hifadhi ya picha za kale ya chuo kikuu kimoja cha huko Ulaya niliandika neno moja tu, Lushoto. Zikaja picha tatu: maua, maua tena, na mzungu kakaa barazani na mbwa wake. Nikasema basi, kwetu hawakufika na kamera, nikazima simu nikalala. Ikapita kama miezi mitatu ndo jamaa yangu mmoja mwalimu wa historia akanicheka, akasema we umemtafuta mtu kwa jina la nyumbani wakati kwenye faili la polisi kaandikwa jina la ubatizo, enzi ya Mjerumani Lushoto iliandikwa Wilhelmstal. Nikaandika Wilhelmstal. Aisee! Boma, soko, barabara inachongwa mlimani, watoto wa shule wamepangwa mstari, wapagazi na mizigo kichwani, picha juu ya picha mpaka bando likakata. Kuna moja ilinikaa sana kichwani, nyumba nyingi zimebanana juu ya mgongo wa kilima na mto unapita chini, nikaisevu kwenye simu. Hiyo nitairudia.

Tangu siku hiyo nimekuwa teja wa haya mambo, na kila ninayemwonyesha ananiuliza maswali yaleyale: zimefikaje huko, kwa nini ziko Marekani na Ujerumani na sio kwetu, mbona maelezo yake ya ajabu ajabu, na kwa nini gazeti la zamani ukilitafuta halitokei wakati lipo. Ngoja nijaribu kufungua hili fundo taratibu, maana limefungwa na watu wengi kwa nyakati tofauti, ukivuta uzi mmoja tu linazidi kukaza.

Tuchukue mfano mmoja unaoshikika. Pembeni ya Chicago kuna mji unaitwa Evanston, ndo kilipo chuo kikuu cha Northwestern. Chuo hiki kina maktaba nzima ya mambo ya Afrika, inaitwa Herskovits, jina la Melville Herskovits, mwanaanthropolojia aliyeanzisha programu ya masomo ya Afrika pale mwaka 1948, maktaba yenyewe ikafuata 1954. Mwaka 2002 maktaba hiyo ikachukua mkusanyiko wa Mwingereza mmoja, Humphrey Winterton, aliyekuwa amekusanya picha za Afrika Mashariki, zaidi ya 7,500, kuanzia kama 1860 hadi 1960. Wakaziskani wakaziweka mtandaoni bure kabisa. Humo utaikuta Zanzibar, utaikuta Mombasa, utaiona reli ya Uganda inajengwa, ile iliyoanza Mombasa 1896 ikafika ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901 kwa jasho la vibarua zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao hawakurudi kwao kwa sababu walifia huku.

Sasa angalia hapo. Winterton hakupiga picha hizo, alizikusanya. Ina maana kabla yake zilikuwa za mtu mwingine. Njia ya kawaida ya picha kama hizi ni kwamba bwana fulani, afisa au injinia au mke wa mkulima, alikaa huku miaka sita, akapiga zake na nyingine akanunua dukani, akabandika kwenye albamu, akaondoka nayo kwenye sanduku. Akafa. Watoto wakaiweka darini, wajukuu wakasafisha nyumba wakaipeleka mnadani, hapo ndo wakusanyaji wanainunua, na mkusanyaji akichoka au akizeeka inahamia chuo kikuu. Kwa hiyo jibu la "kwa nini ziko huko" sio kwamba kuna siku moja jahazi lilikuja likabeba picha zetu zote. Zilitoka moja moja ndani ya mizigo ya watu. Aliyekuwa na kamera ndiye aliyekuwa na tiketi ya kurudi kwao.

Ila msije mkadhani wapiga picha wote walikuwa wazungu, hili watu wengi hawalijui. Unguja pale kulikuwa na Magoa, yaani watu wa Goa kule India, waliofungua studio toka karne ya 19, akina A. C. Gomes na akina Coutinho, na picha zao ndo zile unazoziona kila mahali hadi leo, wanawake wamekaa na kanga na vipini puani, milango ya kuchongwa, bandari imejaa majahazi. Walikuwa wafanyabiashara. Walichapisha kadi za posta wakawauzia abiria wa meli, na picha moja ikiuzika vizuri inatoka tena na tena, huku maelezo yanabadilika kila toleo. Baadaye kidogo, 1930, Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, na huyo picha zake ni kitu kingine kabisa, kwa sababu wateja wake walikuwa wenyeji wenyewe, mtu anakuja kapiga pamba zake anataka aonekane anavyotaka yeye. Ukiziweka pembeni ya picha za kadi ya posta unaona tofauti bila kuambiwa, huku mtu anatazama kamera kama mwenye picha, kule anatazama kama mwenye kushikwa.

Halafu kuna mafungu mengine makubwa. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt inatunza picha za ile Jumuiya ya Kikoloni ya Wajerumani, kama 55,000 hivi, na sehemu yake ni Afrika Mashariki yao. Chuo kikuu cha Kusini mwa California kule Los Angeles kina hifadhi ya picha za wamisionari, humo wamo Walutheri wa Leipzig waliofika Kilimanjaro 1893 na Wamoravian wa Herrnhut waliokuwa huku Nyanda za Juu Kusini na Unyamwezini. Hizo za wamisionari mi nazipenda kuliko zote, sio kwa sababu wamisionari walikuwa malaika, ila walikaa sehemu moja miaka mingi, walijua lugha, na mara mojamoja waliandika jina la mtu. Jina kabisa! Mwalimu fulani, mtoto wa fulani. Kwenye albamu ya afisa hilo hulipati.

Na hapo tunaingia kwenye maelezo, ambako ndiko watu wengi wanapotea. Picha iliyo mbele yako imepita mikono kama mitano. Kuna aliyepiga. Kuna aliyebandika kwenye albamu na kuandika chini yake kwa kalamu, mara nyingi miaka mingi baadaye akiwa keshasahau. Kuna aliyeuza, ambaye akiandika "Zanzibar" inauzika kuliko akiandika "Pangani". Kuna mkutubi aliyekaa kwenye ofisi yenye hita huko Evanston au Frankfurt akaiingiza kwenye katalogi bila kuwahi kukanyaga huku. Na kuna mashine ya kutafutia. Kila mkono umeacha alama, na ukijua kuzisoma hizo alama nusu ya kazi imeisha.

Kwa mfano wakutubi wana utaratibu wao mmoja mzuri sana ambao hawautangazi. Kichwa cha picha kikiwa ndani ya mabano ya mraba maana yake kwa kawaida hayo maneno kayatunga mkutubi mwenyewe, kisipokuwa na mabano kimenakiliwa vilevile kilivyoandikwa kwenye albamu au nyuma ya picha. Ukiona "ca." mbele ya mwaka ni Kilatini hicho, maana yake takriban, wamekadiria tu, usije ukagombana na mtu kwa mwaka wenye "ca.". Ndo maana unaweza kukutana na neno la matusi kabisa kwenye kichwa cha picha, hawajaliandika wao, wameliacha kwa sababu nalo ni ushahidi, siku hizi baadhi ya hifadhi zinaweka onyo juu yake. Kwenye albamu za kikoloni mzungu ana jina na cheo, mbwa wake ana jina, na wale watu kumi na wawili waliosimama nyuma wameandikwa "wenyeji". Mkutubi naye afanyeje, hana pa kuyatoa hayo majina, anaacha hivyohivyo.

Sasa majina ya mahali. Hapa ndo penye ufunguo wenyewe kwa hiyo nakaa kidogo. Mashine ya kutafutia haijui jiografia, inalinganisha herufi tu. Kama mtu aliandika Bagamojo kwa j kama Mjerumani anavyotamka, ukiandika Bagamoyo unaweza usiione. Mwanza ni Muansa, Moshi ni Moschi, Arusha ni Aruscha, Ujiji ni Udjidji, Zanzibar ni Sansibar, Dar es Salaam imeunganishwa Daressalam, Kilimanjaro ni Kilimandscharo, na Wachagga wanaandikwa Dschagga, hebu fikiria nani angewaza kuanza na D. Hizo ni tahajia tu. Kuna zile ambazo jina lenyewe ni jingine kabisa: Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, Kasanga ya kule ziwa Tanganyika ilikuwa Bismarckburg, Liuli ya ziwa Nyasa Sphinxhafen kwa sababu ya ule mwamba wao unaofanana na sanamu ya Misri, Manda ikawa Wiedhafen. Upande wa Kenya vilevile, Kisumu tafuta Port Florence, Murang'a tafuta Fort Hall, Nyahururu tafuta Thomson's Falls. Ukiwa na orodha ya hivi kwa ajili ya kwenu, yaani majina yote ambayo kijiji na wilaya na mlima umewahi kuitwa na kila aliyepita, utaokota vitu ambavyo hata mwenye hifadhi hajui kama anavyo.

Tarehe nazo. Kadi ya posta ina ujanja wake. Zamani upande wa nyuma wa kadi ulikuwa wa anwani peke yake, ujumbe unabanwa mbele pembeni ya picha, ndo maana unaona mtu kaandika juu ya anga na kwenye mchanga. Uingereza waliruhusu nyuma kugawanywa mara mbili, ujumbe kushoto anwani kulia, mwaka 1902, Ujerumani wakafuata 1905. Kwa hiyo kadi ya Kijerumani ya Tanga yenye mstari katikati nyuma sio ya 1899 hata kama katalogi inasema hivyo. Na muhuri wa posta unakupa siku ya kutumwa tu, picha yenyewe inaweza kuwa imekaa dukani miaka kumi.

Majengo yanasema kuliko watu. Chukua Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, ile jumba iliyojengwa 1883. Kwenye picha za zamani zaidi kuna mnara mrefu umesimama peke yake mbele yake, mnara wa taa na saa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikapiga mizinga, ile vita ya dakika thelathini na kitu, mnara ukaharibiwa, na jumba la jirani la Beit al-Hukm likaenda na maji, baadaye ndo mnara wa saa ukajengwa juu ya Beit al-Ajaib lenyewe. Basi. Ukiona mnara umesimama chini mbele ya jumba, picha ni kabla ya Agosti 1896, ukiona uko juu ya paa ni baada, na hapo umeshampita aliyeandika "ca. 1900". Dar nako ni hivyohivyo, ikionekana sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wao, ujue ni enzi ya Mjerumani, maana Waingereza walipoingia 1916 waliing'oa, na ukimwona yule Askari wa shaba pale katikati ya mji ni 1927 kuja mbele. Na sisemi haya kwa kujionyesha, Beit al-Ajaib yenyewe ilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo hizo picha sasa hivi sio mapambo ya ukutani tena.

Ngoja niguse mambo ya faili haraka. Watu wanaona picha mtandaoni wanadhani ndiyo hiyo waliyonayo. Hapana. Hifadhi inayojiheshimu inaskani picha mara moja kwa ubora mkubwa, inatunza faili la aina ya TIFF ambalo halijabanwa, halafu inatengeneza kivuli chepesi cha JPEG ndo unachopewa wewe. Karatasi ya ukubwa wa A4 ikiskaniwa kwa rangi kwa nukta 600 kwa inchi faili linafika kama megabaiti 100, moja hiyo, sasa zidisha kwa elfu saba uone kwa nini hawakupi kirahisi. Kila faili linapigiwa hesabu inayotoa namba ndefu, kama alama ya kidole, na kompyuta inarudia hesabu hiyo kila baada ya muda, namba ikibadilika hata tarakimu moja wanajua faili limeoza wanachukua nakala iliyoko kwenye seva ya mji mwingine. Ndiyo, faili linaoza! Na picha halisi nazo zinaoza kwa namna zake, negativu za zamani za naitreti zinaweza kushika moto, za asetati zikianza kuharibika zinanuka siki, za kioo zinavunjika tu. Kuskani sio mwisho wa kutunza, ni mzigo mwingine juu ya mzigo.

Haya, magazeti. Hapa fundo ni kubwa zaidi lakini utamu nao ni mkubwa zaidi, kwa sababu picha haina majina na gazeti lina majina. Gazeti la Kiswahili sio kitu cha juzi. Msimulizi lilitoka Unguja 1888 kwenye chuo cha wamisionari cha Kiungani. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 shule ya serikali ya Tanga ikawa inachapa Kiongozi, ambalo walimu na makarani waliotawanyika nchi nzima walikuwa wanaliandikia barua. 1910 likaja Pwani na Bara la Walutheri. Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo, na humo ndo utakuta mashairi, akiwemo Shaaban Robert mwenyewe, na habari za miji zilizotumwa na wasomaji, nani kahamishwa, nani kafariki, simba kala ng'ombe wa nani, mvua imekuwaje. 1937 Erica Fiah, Mganda aliyekuwa anaishi Dar, akaanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika lisilo la serikali wala misheni. Mtu akikwambia babu zetu hawakuandika mwonyeshe hayo.

Ila gazeti lilitengenezwa life. Karatasi yake ni ya mti uliosagwa, ina kitu kinachogeuka asidi kadri mwanga na hewa vinavyopita, ndo maana linakuwa la njano halafu kahawia halafu ukiligusa linakatika kama kashata. Wenye maktaba walijua hilo mapema, kwa hiyo kabla ya kompyuta walipiga picha kurasa kwenye mikrofilamu, ule mkanda mwembamba unaozungusha kwenye mashine. Mwaka 1963 vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vikaungana kuchanga hela ili magazeti na nyaraka za Afrika zipigwe filamu, na kituo chao kiko Chicago hadi leo. Sasa unachokiona mtandaoni mara nyingi sio gazeti, ni skani ya mikrofilamu ya gazeti, yaani picha ya picha. Ndo maana ni jeusi na jeupe la kukata, picha zilizokuwa ndani yake zimekuwa madoa meusi, na ukurasa uliokuwa umekunjwa siku ile ya kupigwa filamu, miaka sitini iliyopita, utabaki umekunjwa milele.

Juu ya hapo wanapitisha programu ya kusoma herufi. Hii inatazama picha ya ukurasa inakisia kila herufi, inatengeneza maandishi ambayo wewe huyaoni, yamekaa nyuma ya picha kama kanga ya ndani. Ukitafuta neno unatafuta kwenye hayo maandishi ya nyuma, sio kwenye gazeti. Na mara nyingi programu hizi zimefundishwa Kiingereza zaidi. Inaona "habari" inaandika "babari", inaona m inasoma r na n, "ng'ombe" inakatwa vipande viwili, na safu zikiwa zimekaribiana inasoma mstari wa safu ya kwanza inaunganisha na wa safu ya pili, unapata sentensi ya msiba imeingia kwenye bei ya kopra. Magazeti ya Kijerumani ndo balaa zaidi, maandishi mengi ya wakati huo yalichapwa kwa zile herufi zao za Fraktur ambazo s ndefu inafanana na f kama mapacha. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililoanza Dar 1899, ambalo liko kwenye maktaba ya taifa ya Berlin kwa njia ya kidijitali, ukilitafuta uwe tayari kufungua toleo moja moja kwa tarehe.

Halafu ongeza tahajia yetu wenyewe. Kiswahili tunachoandika leo kilisanifiwa baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na ile kamati ya lugha ya 1930, kwa hiyo magazeti ya kabla ya hapo kila mtu alikuwa na mkono wake, utakuta "khabari" kwa kh, utakuta maneno yameunganishwa au yametenganishwa vingine. Ukitafuta "habari za Tanga" ukakosa, jaribu "khabari", jaribu jina la mtu peke yake, jaribu neno la jirani ambalo halina herufi ngumu. Mi mbinu yangu siku hizi sitafuti neno kabisa, nikishajua mwaka nafungua matoleo yote ya mwaka huo nasoma kama nimelinunua asubuhi. Inachosha, lakini ndivyo nilivyopata habari ya kuzinduliwa kwa shule ambayo mashine ilikuwa imeisoma kama "shuic".

Kuhusu ruhusa ya kutumia, watu wanachanganya vitu viwili. Hakimiliki ni ya aliyetunga na ina kikomo, picha ya 1905 kwa kawaida kikomo hicho kimeshapita. Lakini kumiliki karatasi yenyewe na faili lake ni jambo jingine, chuo kinaweza kusema picha ni huru ila faili kubwa uombe na ulipie. Soma kile kimstari kilichoandikwa chini ya kila picha kabla hujaiweka kwenye fulana. Wengine wamefungua mlango kabisa, kumbukumbu za taifa za Ujerumani mwaka 2008 ziliwapa Wikimedia Commons, ile ghala ya mtandaoni ya picha za kutumia bure, picha zaidi ya 80,000, na mkusanyiko wa Walther Dobbertin aliyekuwa akipiga picha Afrika Mashariki ya Wajerumani unapatikana huko, unatumia bure mradi umtaje mwenye kazi.

Na lile swali la kurudishiwa. Mimi nakubali kabisa kwamba kupewa kivuli cha JPEG sio kurudishiwa, hasa zile picha za watu waliofungwa minyororo shingoni au waliovuliwa nguo wakapimwa vichwa, wale hawakuombwa ruhusa na sioni kwa nini mtu yeyote mwenye intaneti awatazame tu. Lakini pia nimechoka na watu wanaolalamika kuhusu Frankfurt na hawajawahi kupanda daladala kwenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye kitengo cha East Africana, au kuingia kwenye nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Kuna makaratasi huko hayajaskaniwa na mtu yeyote. Nenda na kitambulisho na subira.

Turudi kwenye ile picha yangu. Sikukuu iliyopita nilienda nyumbani nikaenda nayo kwa mzee mmoja wa kwetu, umri wake ni wa juu sana ila macho yapo. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, nikampa simu, nikamwambia hii ni Lushoto ya zamani, Mjerumani kaandika Wilhelmstal hapa chini. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaitazama muda mrefu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena.

"Nani kakwambia Lushoto, mjukuu wangu? Hii Mlalo. Lushoto kuna kilima kilichojaa nyumba hivi? Huu mto hapa chini nimeogelea mimi."

Nikabisha kidogo, nikasema imeandikwa babu. Akasema aliyeandika labda alilala Lushoto.

Nikarudi mjini nikaanza upya, Mlalo nayo ilikuwa na jina lake, wamisionari wa Bethel waliofika 1891 waliiita Hohenfriedeberg, neno ambalo mpaka leo siwezi kulitamka bila kutema mate. Nikaliandika. Zikaja picha za kilima kilekile, nyumba zilezile, mto uleule, kutoka pembe tatu tofauti. Nikawaandikia barua pepe wenye hifadhi nikawawekea picha zote mbili pembeni pembeni. Walijibu baada ya wiki tano, wakashukuru, kichwa hawakukibadilisha kwa sababu ndivyo kilivyoandikwa kwenye albamu, ila chini yake sasa kuna mstari mpya ndani ya mabano ya mraba, unasema mahali hapa ni Mlalo, Usambara.